Kupumzisha miguu: Bagamoyo au Mji Mkongwe?

Anayetoka Dar es Salaam kwa baiskeli kuelekea Saadani, Pangani na Tanga hukutana na swali hili mapema: apumzike Bagamoyo, kilomita 70 hivi mbele, au avuke kwanza kwenda Mji Mkongwe, Unguja? Wengi hulinganisha bei za vyumba, kumbe chumba ndicho kidogo katika hesabu hii.

Mgeni kutoka nje huanza na boti. Kwa miaka kadhaa nauli yake ya daraja la kawaida imekuwa dola 35 kwa kwenda tu. Tangu Oktoba 2024 anatakiwa pia kulipia bima ya Zanzibar, dola 44. Kwenda na kurudi ni dola 114, na bado hajalala wala hajala. Bima hiyo hudumu siku 92, kwa hiyo wa usiku mmoja hulipa sawa na wa miezi mitatu. Mtanzania bima haimhusu na nauli yake ni ya shilingi, nafuu zaidi, mradi awe na kitambulisho.

Kisha kuna baiskeli yenyewe. Botini ni mzigo. Patana na mchukuzi kabla hajashika usukani. Nyumba za Mji Mkongwe nazo zina ngazi za mbao, nyembamba na za mwinuko mkali, na chumba cha bei ya chini mara nyingi kiko juu kabisa. Kupandisha baiskeli yenye mikoba hadi ghorofa ya tatu si mapumziko. Piga simu uulize italala wapi. Gesti yenye ua wa ndani unaofungwa mimi ningeilipia zaidi bila kusita.

Chakula hakina shida: bakuli la urojo lenye bajia, viazi na chipsi za muhogo hushibisha vizuri, na mitaani ni rahisi kuliko Forodhani, ambako uulize bei kabla ya kuagiza. Kuingia Ngome Kongwe hakuna kiingilio. Beit al-Ajaib usiipangie. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Bagamoyo haihitaji boti wala bima ya Zanzibar. Boma la Wajerumani la 1897, misheni ya Wakatoliki ya 1868 na soko la samaki wa kukaanga pwani vyote viko karibu, na magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya kale, yako kilomita 5 hivi tu, njia tambarare. Kiingilio cha makumbusho na magofu hutofautiana kwa raia na mgeni, dai risiti.

Kwa siku moja ya kupumzika, lala Bagamoyo. Unguja inastahili gharama yake kuanzia siku tatu, na hapo baiskeli iache Dar kwa mtu unayemwamini: vichochoro vya Mji Mkongwe hutembelewa kwa miguu.