Upasuaji wa Macho kwa Leza: Faida na Hatari Zake kwa Mkulima

Katika mashamba ya mpunga ya Tindiga, wilayani Kilosa, jicho hukabiliwa na vumbi, makapi na ncha za mabua makavu. Mambo hayo hayana budi kuzingatiwa pale mkazi wa huko anapofikiria upasuaji wa leza ili aachane na miwani.

Leza hiyo huchonga konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, ili mwanga utue sawasawa kwenye retina. Humfaa hasa mtu asiyeona vizuri vitu vya mbali, aliyetimiza miaka 18, na ambaye vipimo vya miwani yake havijabadilika kwa angalau mwaka 1. Wengi wanaochaguliwa kwa uangalifu huona vizuri bila miwani. Hata hivyo, upasuaji huu hauondoi mtoto wa jicho, wala haurudishi uoni uliopotezwa na glakoma. Aidha, uzee wa macho hauzuiliki: baada ya miaka 40, wengi huhitaji miwani ya kusomea.

Hatari nazo zipo. Macho huweza kuwa makavu kwa miezi kadhaa, na taa za usiku kuonekana zikitawanya miale. Maambukizi ni nadra, ila huweza kuacha kovu. Katika njia ya LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea na kukirudisha mahali pake. Jicho likipigwa kwa nguvu, kifuniko hicho huweza kuhama, hata baada ya miaka. Njia ya PRK haina kifuniko, lakini huleta maumivu kwa siku kadhaa na kupona kwake ni polepole.

Mhudumu wa zahanati anapaswa kuuliza mapema: je, mgonjwa huwashwa na kusugua macho mara kwa mara? Huenda ana keratokonasi, ugonjwa wa konea kukonda na kuchongoka, ambao leza huweza kuuzidisha. Je, ni mjamzito au ananyonyesha? Asubiri. Je, ataweza kurudi kliniki kesho yake, na tena baada ya wiki na miezi, hata mvua ikiharibu barabara? Je, ataweza kukaa mbali na vumbi la mavuno hadi apone?

Jibu likiwa “hapana”, miwani iliyopimwa vyema ndiyo tiba salama zaidi. Miwani huvunjika ikanunuliwa mingine. Konea iliyochongwa hairudi kama ilivyokuwa.