Bega la mchimbaji linatibiwa kwa fedha za nani?

Kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Mwakitolyo (Shinyanga) na Nyarugusu (Geita), kazi inayolimaliza bega ni kupiga moko, yaani nyundo. Mchimbaji anajilaza ubavu katika njia nyembamba chini ya matimba, miti inayozuia mwamba, tindo mkono huu, moko mkono ule, akigonga mwamba ulio usawa wa uso au juu zaidi. Mkono ukiinuliwa hivyo kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, kano za bega huchakaa. Siku akiteleza na kuning'inia kwenye kamba, kano iliyokwisha kulika inakatika.

Kuishona ni upasuaji unaohitaji daktari bingwa wa mifupa, na kwa mtu wa Kanda ya Ziwa hiyo ni safari ya hospitali ya Bugando, Mwanza, au ya taasisi ya mifupa ya MOI kule Muhimbili. Watu huuliza kwanza bei ya upasuaji. Mimi naona hesabu kubwa inakuja baadaye: wiki 4 hadi 6 mkono umefungwa kifuani, kisha miezi ya mazoezi ya viungo, na nusu mwaka au zaidi kabla ya kurudia kazi nzito. Anayelipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe haingizi hata shilingi muda wote huo. Ndiyo maana mtu anafungua kitambaa kabla ya wakati, anashuka duarani na diklofenaki mfukoni, na mshono unaachia.

Marekani, warushaji wa mpira wa besiboli, ambao nao huinua mkono kwa nguvu kila wanaporusha, wanauelewa vizuri ugonjwa huu. Tommy John wa Los Angeles Dodgers alipandikizwa kano ya kiwiko na Dk. Frank Jobe mwaka 1974, akakosa msimu wote wa 1975, akarudi 1976 na kucheza hadi 1989. Bega ni gumu kuliko kiwiko. Wengi waliopasuliwa bega hawakurudia kasi yao. Lakini mrushaji wa ligi kuu akiumia, mkataba wake unaendelea kulipwa. Anapumzika kadiri daktari alivyosema kwa sababu nyumbani wanakula.

Kwetu utaratibu wa namna hiyo upo, ila unaishia kwenye geti la mgodi mkubwa. GGM mjini Geita na Bulyanhulu kule Msalala ni waajiri, na sheria inawataka waajiri wachangie Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Tangu Julai 2022 sekta binafsi inachangia asilimia 0.5 ya mishahara. Mfanyakazi akiumia kazini, mfuko unalipia matibabu na kumpa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Fundi wa shilingi 800,000 anapata 560,000 kila mwezi huku akinyoosha mkono wake taratibu. Mchimbaji mdogo ana mwenye leseni, ana mwenye duara, ana wenzake wa mgawo. Mwajiri kwenye karatasi hana. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ilimfikisha hospitali ya mkoa. Kutoka hapo, nauli na kitanda vilikuwa juu ya ndugu zake.

Jambo hili linaniuma kwa sababu njia ya kukusanya mchango tayari ipo. Tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019, Geita na Kahama, dhahabu inapimwa dirishani na mrabaha unakatwa hapohapo. Mchango wa fidia ungekatwa kwenye mauzo yaleyale, kabla ya mgawo, ili mwenye leseni na mwenye duara nao wachangie. Kiwango kiwe chini ya kile cha kampuni, kwa kuwa sehemu ya mauzo ni nzito kuliko sehemu ya mishahara.

Kazi ngumu itakuwa kuthibitisha nani alikuwa chini siku ya ajali. Hapo panahitajika daftari la duara: jina la kila anayeshuka, tarehe, na mifuko iliyotoka, likikaguliwa na ofisi ya madini ya mkoa. Vyama vya wachimbaji vya Geita na Shinyanga, GEREMA na SHIREMA, vinaweza kuanza nalo kwa wanachama wao sasa hivi, bila kusubiri sheria mpya, kisha viende WCF vikiwa na majina mkononi.