Baada ya Kufilisika: Jinsi Sifa ya Mkopaji Inavyorejea Nchini Kenya

Neno mufilisi, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, katika mazungumzo ya kawaida humtaja mtu yeyote aliyeishiwa, lakini mbele ya sheria ya Kenya lina maana finyu zaidi: ni mtu ambaye mahakama imetoa amri ya kumtangaza kuwa ameshindwa na madeni yake, na ambaye mali yake, isipokuwa vitu vichache vya lazima kama vyombo vya nyumbani na zana za kazi, imewekwa chini ya msimamizi ili igawanywe kwa wadai. Wengi wanaosema kwamba wamefilisika hawajawahi kukanyaga mahakamani kwa ajili hiyo. Wameshindwa tu kulipa mkopo, wakapigiwa simu na wadai mpaka wakazima simu zao, na hatimaye majina yao yakaorodheshwa CRB, yaani katika asasi zinazohifadhi kumbukumbu za wakopaji. Njia hizi mbili hazianzii mahali pamoja, lakini anayetaka kukopeshwa tena, awe ameanguka kwa amri ya mahakama au kwa kimya cha simu iliyozimwa, huishia mbele ya kumbukumbu zile zile.

Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ni pole kuliko watu wanavyodhani. Chini ya sheria ya zamani mufilisi alilazimika kwenda mwenyewe mahakamani kuomba aachiliwe, na asiyeomba angeweza kuishi na jina hilo miaka na mikaka. Sheria ya sasa humwachilia yenyewe miaka 3 ikishapita tangu alipowasilisha hati inayoeleza mali na madeni yake, isipokuwa kama kuna pingamizi. Asiye na mali yoyote ya kugawanywa, ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4, amewekewa utaratibu wake mwepesi unaokwisha kwa miezi 12. Kuachiliwa huko humwondolea mdaiwa madeni mengi aliyokuwa nayo, ingawa deni lililotokana na udanganyifu halifutiki, wala mdhamini aliyeweka sahihi kwa niaba yake haokolewi na unafuu huo: mdai huzuiwa kumfuata mufilisi, lakini mlango wa mdhamini hubaki wazi kwake. Jambo hili la mdhamini lina uzito wake katika jamii ambayo mikopo mingi husimama juu ya mabega ya wenzake mtu.

Kinachochanganya watu ni kwamba kufutwa kwa deni si kufutwa kwa habari za deni. Mahakama hushughulika na swali la nani anamdai nani. CRB hushughulika na swali jingine kabisa, la jinsi mtu alivyowatendea wadai wake huko nyuma. Asasi hizo, ambazo kwa sasa ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, zilianza kupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya mwaka 2010, baada ya kanuni zilizotungwa mwaka 2008, na mwanzoni zilipokea kutoka kwa mabenki habari mbaya peke yake, yaani orodha ya walioshindwa kulipa. Kanuni za mwaka 2013 ndizo zilizoziruhusu kupokea pia habari njema, na badiliko hilo, ambalo halikupigiwa kelele nyingi magazetini, ndilo lililoufanya urejeshaji wa sifa uwe jambo la kutendwa badala ya jambo la kungojwa. Daftari lililoandikwa makosa tu haliwezi kutengenezwa kwa namna yoyote isipokuwa kwa kuacha miaka ipite. Lakini daftari linaloandika pia kila mkopo uliolipwa kwa wakati humpa aliyeanguka nafasi ya kuandika kurasa mpya juu ya zile za zamani.

Kurasa za zamani zenyewe hazing'olewi haraka. Habari za mkopo ulioshindikana hukaa katika kumbukumbu kwa miaka 5 tangu siku deni lilipolipwa lote, na hapa ndipo mwenye deni la siku nyingi anapojipunja kwa kusubiri lisahaulike, kwa kuwa hesabu ya miaka hiyo huanza pale anapolipa. Nchini Marekani, ambako biashara ya kupima wakopaji ni ya zamani zaidi, sheria ya mwaka 1970 huruhusu habari za kufilisika zionyeshwe kwa muda wa hadi miaka 10, na bado watu wengi huko hupata mikopo kabla muda huo haujakwisha, kwa sababu mkopeshaji hutazama zaidi mwenendo wa karibuni kuliko wa mbali.

Mwenendo huo hufupishwa kwa namba iitwayo alama ya mkopaji, ambayo kwa Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900, na ambayo haifai kuchanganywa na cheti cha CRB. Cheti huthibitisha tu kwamba mtu hana mkopo ulioshindikana ambao bado haujalipwa, na ndicho ambacho waajiri wengi, hata wa serikali, wamezoea kukidai kwa waombaji wa kazi. Desturi hiyo ni ya kushangaza, maana humnyima kazi mtu ambaye bila kazi hawezi kulipa. Mtu anaweza kuwa na cheti safi mkononi na alama duni katika kompyuta, kwa kuwa cheti hutaja hali ya leo ilhali alama hukumbuka ya jana.

Kazi ya kurejesha sifa huanzia katika kusoma ripoti yenyewe, ambayo kila mkopaji ana haki ya kupewa bure mara moja kwa mwaka. Aliyeachiliwa na mahakama anapaswa kuangalia kama madeni yaliyofutwa bado yanaonyeshwa kuwa yanadaiwa, na aliyelipa mwenyewe aangalie kama mkopeshaji alipeleka habari za malipo, kwa kuwa CRB haimwandiki mtu wala kumfuta kwa hiari yake, bali huandika inacholetewa na wakopeshaji. Kwa sababu hiyo hiyo, wale wanaojitangaza mitandaoni kwamba kwa malipo kidogo watalisafisha jina la mtu wanauza kitu wasichokuwa nacho. Malalamiko kuhusu kosa hupelekwa kwa CRB, ambayo hulazimika kumuuliza mkopeshaji, na mkopaji hahitaji dalali.

Baada ya hapo hufuata sehemu iliyo ngumu kwa aliyeungua: kukopa tena. Anayeapa kutogusa mkopo maisha yake yote huenda akawa na amani, lakini daftari lake hubaki kimya, na ukimya hauna alama. Mkopo unaofaa mwanzoni ni ule uliofunikwa na akiba ya mkopaji mwenyewe, au kiasi kidogo cha simu kama M-Shwari kinacholipwa kabla ya tarehe yake, ili mradi usiwe mkopo wa kulipia mkopo mwingine. Mikopo ya simu iliwaangusha watu wengi kwa viasi ambavyo havinunui hata gunia la mahindi, hata Benki Kuu ikaamua mwaka 2020 kwamba deni lisilofikia shilingi 1,000 lisimpeleke mtu CRB, na mwishoni mwa mwaka 2022 ikaanzisha mpango wa kuwapunguzia wadaiwa wa mikopo ya simu ya mabenki angalau nusu ya deni, huku nusu iliyobaki ikitakiwa kulipwa kufikia Mei 31, 2023. Waliolengwa walikuwa zaidi ya watu milioni 4, idadi inayoonyesha jinsi kesi za ufilisi mahakamani zilivyo tone tu katika bahari ya kushindwa kulipa.

Hata hivyo, kuna daftari ambalo CRB hailioni. Katika vyama vya akiba na mikopo, vile vya walimu, madereva wa matatu na wakulima wa chai, mkopo hutolewa kwa dhamana ya wanachama wenzake mtu, na mkopaji anapoanguka, akiba ya wadhamini ndiyo inayokatwa. Mufilisi aliyeachiliwa kisheria na kupandisha alama yake hurudi katika chama hicho akiwa hadaiwi chochote mbele ya mahakama, kisha huombwa kuleta wadhamini, na wale anaoweza kuwaendea ni wale wale waliokatwa akiba zao kwa ajili yake. Wapo wanaoanza kuwarejeshea wenzao kidogo kidogo fedha ambazo hakuna sheria inayowalazimisha kuzilipa, na malipo hayo hayaingii katika ripoti yoyote. Lakini fomu ya mkopo inapozungushwa tena mezani, huwa ndiyo yanayoamua ni nani atakayeitia sahihi.