Kitabu cha Likizo kwa Binti

Tulipozuru Tawa, Makueni, mama mmoja alitulalamikia kwamba likizo ya Agosti imeingia, na bintiye hana cha kusoma ila vitabu vya mtihani, navyo vimekwisha kumchosha. Tulichelea asije akadhani kusoma ni adhabu. Tukamwachia «Peponi», tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Nobeli mwaka 2021. Ni kisa cha Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la babake. Tulimnasihi mama akisome kwanza, kisha wajadiliane.

Enyi wazazi, Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858. Je, sisi tushindwe kumnunulia wetu kitabu kimoja? Mkikimaliza, mwazimeni jirani.