Uchaguzi wa Mtiririko wa Kuhariri Picha Ghafi za Miswada ya Kiswahili Iliyoandikwa kwa Hati ya Kiarabu

1.0 Utangulizi

Miswada mingi ya kale ya Kiswahili iliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na leo imehifadhiwa mbali na watafiti wengi wanaoihitaji. Baadhi imo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo orodha yake iliyoandaliwa na J.W.T. Allen ilichapishwa mwaka 1970; mingine imo SOAS, London. Kwa sababu hiyo, mara nyingi mhakiki husoma picha ya muswada badala ya muswada wenyewe. Hali hii inaipa kazi ya kuhariri picha uzito wa kitaaluma, kwani katika hati ya Kiarabu nukta moja hubadilisha herufi. Umbo lilelile mwanzoni mwa neno huwa be likiwa na nukta moja chini, huwa te likiwa na nukta mbili juu, na huwa nun likiwa na nukta moja juu. Tofauti ya "baa" na "taa" imo katika nukta hizo.

Makala haya yanafafanua namna ya kuchagua mtiririko wa kuhariri picha ghafi ili kupata undani mkubwa zaidi wa maandishi. Hoja yake kuu ni kwamba mtiririko bora si ule unaotoa picha inayoonekana kali kuliko zote, bali ule ambao undani wake unaweza kufuatiliwa hadi kwenye vipimo vilivyonaswa na kamera.

2.0 Undani Uliomo katika Faili Ghafi

Faili ghafi ni kumbukumbu ya mwanga uliopimwa na kila pikseli ya kihisi kabla ya kuchakatwa kuwa picha. Picha ya kawaida ya JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali faili ghafi la biti 14 linaweza kuhifadhi ngazi 16,384. Kwa muswada wenye wino uliofifia, tofauti hii ndiyo inayoamua iwapo alama hafifu itabaki au itamezwa na rangi ya karatasi.

Hata hivyo, faili ghafi halijawa picha. Kamera nyingi hutumia mpangilio wa vichujio vya rangi uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika mpangilio huo, kila pikseli hupima rangi moja tu: nusu ya pikseli hupima kijani, robo nyekundu na robo buluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukadiriwa na programu kwa kutazama pikseli jirani. Kwa maana hiyo, theluthi mbili ya thamani za rangi katika picha ni makadirio.

Hesabu ndogo inaonesha athari yake. Kamera yenye pikseli 6,000 kwa 4,000, ikipiga kurasa mbili zilizofunguliwa katika upana wa sentimita 50, hutoa pikseli 12 kwa kila milimita. Nukta yenye kipenyo cha nusu milimita hupata pikseli 6, lakini mwanya wa milimita 0.2 kati ya nukta mbili haufikii hata pikseli 3. Katika eneo finyu kiasi hicho, makadirio mabaya yanaweza kuunganisha nukta mbili zikaonekana moja.

3.0 Uchaguzi wa Algorithimu ya Kukadiria Rangi

Programu nyingi za kibiashara hazimpi mhariri nafasi ya kuchagua algorithimu ya msingi ya makadirio hayo. Programu huria za RawTherapee na darktable humpa nafasi hiyo. AMaZE husifika kwa kuhifadhi undani mwembamba katika picha zenye chenga chache. RCD hukaribia kiwango hicho cha undani na hufanya vizuri zaidi kwenye kingo za mviringo. Ndiyo maana hupendekezwa kwa picha za nyota. Kwa kuwa nukta za hati ya Kiarabu nazo ni maumbo madogo yenye kingo za namna hiyo, RCD inastahili kujaribiwa kwanza. LMMSE hufaa zaidi pale ambapo picha imepigwa kwa ISO kubwa na ina chenga nyingi.

Ipo pia njia ya mitandao ya neva, kama vile DeepPRIME ya DxO. Njia hiyo huweza kutoa picha safi mno, lakini mtandao hujaza mapengo kwa kuzingatia picha ulizofunzwa nazo. Kwa picha ya mandhari, jambo hilo halina madhara makubwa. Kwa muswada, mhakiki hana namna ya kutofautisha nukta aliyoiweka mwandishi na ile iliyokisiwa na programu.

4.0 Unoaji na Upunguzaji wa Chenga

Kunoa picha ni kuongeza tofauti ya mwanga kwenye kingo za maumbo. Unoaji wa kawaida huacha utando mweupe kandokando ya mistari ya wino, na ukizidishwa hukoleza doa la karatasi au tundu la mdudu hadi lifanane na nukta. Algorithimu ya Richardson na Lucy, iliyotokana na kazi zao za mwaka 1972 na 1974, hufuata njia tofauti: hujaribu kurudisha nyuma ukungu uliosababishwa na lenzi. RawTherapee huitumia katika hatua ya mwanzo ya unoaji, mara baada ya kukadiria rangi. Nayo ina mipaka, kwani ikirudiwa mara nyingi huzua michirizi ya uongo.

Upunguzaji wa chenga una hatari iliyo kinyume: huweza kufuta alama halisi. Inashauriwa kupunguza chenga za rangi pekee na kuuacha mwanga kama ulivyo.

5.0 Mtiririko Unaopendekezwa

Kutokana na maelezo hayo, mtiririko ufuatao unapendekezwa:

(i) Kupiga picha kwa ISO ndogo, kamera ikiwa imara juu ya kiegemeo. Hakuna uhariri unaofidia fokasi mbaya.

(ii) Kupiga kila ukurasa angalau mara mbili, huku ukisogezwa kidogo. Alama iliyomo kwenye karatasi husogea pamoja na maandishi; chenga hazifuati.

(iii) Kufungua faili bila mipangilio ya awali ya programu, kwa kuwa programu nyingi hunoa picha kabla mhariri hajagusa chochote.

(iv) Kukadiria rangi kwa RCD au AMaZE, kisha kunoa kwa kiasi.

(v) Kuhifadhi nakala ya TIFF ya biti 16 pamoja na faili ghafi lenyewe na faili la mipangilio, ambalo ni pp3 kwa RawTherapee na xmp kwa darktable.

(vi) Kufanya unoaji wowote wa ziada kwenye nakala ya kusomea tu.

6.0 Hitimisho

Picha ya muswada ni ushahidi. Mhakiki anayependekeza usomaji mpya wa neno kwa kutegemea nukta iliyoonekana pichani anapaswa kuweza kueleza nukta hiyo ilifikaje hapo. Faili la mipangilio humwezesha mtafiti mwingine kurudia hatua zilezile na kufikia matokeo yaleyale. Pale picha mbili za ukurasa mmoja zinapotofautiana, usomaji hauna budi kuandikwa kuwa wa mashaka hadi muswada wenyewe utakapotazamwa.