Kiti cha Mkokoteni wa Punda: Ubao Mdogo, Mzigo Mkubwa

Katika mitaa ya Kawangware, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, mkokoteni wa punda ni chombo cha riziki. Maji, mchanga, kuni na mawe ya kujengea huchukuliwa humo tangu alfajiri. Huko Kibera, ambako vichochoro ni vyembamba na mitaro hupita katikati yake, mikokoteni mingi husukumwa na watu. Ila kwenye barabara pana za kando punda naye huonekana. Mtu akiutazama mkokoteni hutazama magurudumu na kukadiria mzigo. Ni wachache wanaokitazama kiti cha mwendeshaji, nacho kwa kweli si kiti, bali ni ubao mmoja uliopigiliwa misumari kwenye ukingo wa mbele kabisa. Na ubao huo, kwa mahali ulipowekwa, waweza kumwongezea punda mzigo wa kilo 30.

Zamani, wakati magari ya farasi yalipokuwa chombo kikuu cha safari huko Ulaya, kiti kilikuwa kazi ya mafundi wa namna mbalimbali. Seremala alikata mbao, mhunzi akafua vyuma, na fundi wa ngozi akajaza mto kwa singa za farasi, ambazo hazishikamani upesi zikikaliwa. Tangu mwanzo wa karne ya 19 springi za chuma zilizopindwa kama upinde zilienea chini ya magari hayo, na mifupa ya abiria ikapata nafuu. Kiti cha mwendeshaji kiliinuliwa juu ili aone mbele ya vichwa vya farasi wake. Lakini jambo lenye mafunzo zaidi lilikuwa katika magari madogo ya magurudumu mawili. Baadhi yake yaliundwa kwa kiti cha kuteleza, kilichoweza kusogezwa mbele au nyuma kwa kadiri ya idadi ya watu waliopanda, ili uzito ukae sawasawa juu ya ekseli wala usimlemee farasi mgongoni.

Magari hayo hayakuzoeleka sana Nairobi. Reli ilipofika mwaka 1899 mji ulianza na magari ya ng'ombe na riksho za kukokotwa na watu. Farasi walikuwa ghali, tena waliuawa na maradhi ya farasi ya Afrika, yanayoenezwa na visubi. Pundamilia hawadhuriki sana na maradhi hayo, na huenda ndiyo sababu Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyewatibu watu wa mji huo mpya, alijulikana sana kwa kumpanda pundamilia badala ya farasi! Punda naye huyastahimili vizuri kuliko farasi. Hivyo farasi wakabaki wa michezo, kama wale wanaoshindana katika uwanja wa Barabara ya Ngong uliofunguliwa mwaka 1954, na kazi ya kukokota ikabaki kwa punda.

Mkokoteni wa siku hizi huundwa na mafundi wa jua kali kwa vitu vilivyokwisha kutumika. Ekseli na magurudumu hutolewa katika motokaa iliyokufa. Juu yake fundi huchomelea fremu ya chuma, hutandika mbao, kisha hutokeza mbele miti miwili ambayo punda husimama katikati yake. Kazi hii ni ya ustadi, wala haifai kudharauliwa, kwa maana gari la namna hiyo hudumu miaka mingi katika njia mbovu. Lakini kiti huja mwisho kabisa, baada ya bei kukubaliwa, nacho huwekwa palipobaki nafasi.

Yafaa kuchukua karatasi na kufanya hesabu kidogo. Tuseme kitanda cha mkokoteni kina urefu wa sentimita 180, na ekseli iko katikati yake. Mahali miti inapoegemea mgongo wa punda pako sentimita 210 mbele ya ekseli. Mwendeshaji wa kilo 70 akikaa ukingoni, sentimita 90 mbele ya ekseli, uzito unaomshukia punda ni 70 mara 90, kugawanya kwa 210, yaani kilo 30. Akirudi nyuma hata abakishe sentimita 30 tu, ni kilo 10. Akikaa juu ya ekseli yenyewe, mgongo wa punda hauchukui kitu kwa ajili yake. Magurudumu ndiyo yanayombeba.

Hapo ni kabla ya kuhesabu mzigo wenyewe. Mitungi 20 ya maji, kila mmoja wa lita 20, ni kilo 400. Ikipangwa sawasawa mbele na nyuma ya ekseli, haina neno. Lakini mchuuzi wa maji, kwa desturi, hushusha kwanza mitungi iliyo karibu na mkono wake, nayo ni ile ya nyuma. Akisha kuuza 10, zile kilo 200 zilizosalia mbele humlemea punda kwa kilo 43 hivi. Ongeza 30 za mwendeshaji aliye ukingoni, jumla ni 73. Na punda wengi wa nchi hii hawazidi kilo 150 wenyewe. Mwenye mali husema, "Sasa mzigo umepungua nusu," kumbe mgongoni mwa mnyama umezidi kuliko ulipotoka bombani. Mtu huyo huyo angekaa ukingo wa nyuma, kilo 43 zingeshuka kuwa 13.

Kwenye miteremko mambo huzidi. Gari likiinama mbele, uzito wote ulio juu ya ekseli nao husogea mbele, na kadiri kiti kilivyo kirefu ndivyo unavyosogea zaidi. Kwenye kupanda huwa kinyume: mzigo huvuta nyuma, miti huinuka, na mkanda wa tumboni humbana punda hata pumzi ikawa shida. Kwa hiyo mwendeshaji mwenye busara hushuka kwenye mlima, hutembea kando na kushika hatamu.

Fundi atakayeagizwa kiti chema hahitaji mali nyingi. Vyuma viwili vya pembe huchomelewa juu ya mbao za ubavuni, toka mbele hata nyuma, na kutobolewa matundu kila baada ya sentimita 15. Ubao wa kiti hulala juu yake na kufungwa kwa pini mbili, ili usogezwe mzigo unapobadilika. Kimo cha sentimita 40 toka mahali pa kukanyagia chatosha. Gunia lililojazwa vipande vya sponji, kama vile vinavyobaki kwa watengenezaji wa makochi wa Barabara ya Ngong, litafaa kwa mto. Hatamu nazo ziwe ndefu, maana anayekaa nyuma asiyemfikia punda wake kwa hatamu atamfikia kwa fimbo.

Punda si mali ya kuchezewa. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ya mwaka 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Katikati yake, tangu mwaka 2016, machinjio yalipewa leseni na ngozi zikauzwa China, hata wezi wakawaandama punda usiku. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kuzuia biashara hiyo ya ngozi. Nayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, humhesabu mwenye kumzidishia mnyama mzigo kuwa mkosaji.

Mwenye mkokoteni aweza kuupima bila fundi. Aupakie kama kawaida, mtu akae kitini, kisha mwingine ashike ncha za miti kwa mikono miwili. Isipoinuka ila kwa kukaza mgongo, kiti kiko mbele mno. Ikiruka juu yenyewe, kiko nyuma mno. Mwili wa punda nao hutoa ushahidi: kidonda chini ya tandiko la mgongoni huonyesha kosa la kwanza, na kidonda tumboni, nyuma ya miguu ya mbele, huonyesha la pili. Kuung'oa ubao na kuupigilia upya mahali pake ni kazi ya saa moja, nyundo na misumari minne.