Upasuaji wa fizi mtandaoni: Sehemu muhimu ndiyo inayoachwa

Mtu akiambiwa na daktari wa meno kwamba fizi zake zinahitaji upasuaji, siku hizi kabla hajafika nyumbani ameshaitafuta habari hiyo YouTube. Hana kosa. Upasuaji unatisha, foleni ya kliniki ni ndefu, na muda aliokaa na daktari haukutosha kumaliza maswali yake. Mwanafunzi wa udaktari wa meno naye hufanya vivyo hivyo usiku wa kuamkia zamu yake ya kliniki, kwa sababu anataka kuona mkono uliozoea kisu kabla wake haujakishika. Wote wawili hukutana na video zilezile, na ni rahisi kuianza ile iliyotazamwa na wengi.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Watafiti wa meno wamezipima mara kadhaa video za magonjwa na matibabu ya fizi, na matokeo yao mara nyingi hufanana: nyingi ni pungufu, na wingi wa watazamaji hauthibitishi ubora.

Tuchukue upasuaji unaopendwa sana na kamera, ule wa kupandikiza ufizi. Jino la mbele la chini linaonekana refu kuliko wenzake. Ufizi umesinyaa na mzizi umebaki wazi, rangi yake ya manjano. Daktari anachoma sindano ya ganzi, anauachanisha ufizi na jino taratibu, kisha anahamia kwenye kaakaa. Huko anakata kipande chembamba cha nyama, anakilaza juu ya mzizi, anauvuta ufizi kukifunika na kushona. Muziki unapanda. Picha inaruka, mzizi hauonekani tena, na video imekwisha.

Kazi ya mikono inaweza kuwa safi kabisa. Lakini mgonjwa hajaambiwa kwamba ametazama vidonda viwili, na kwamba kile cha kaakaa ndicho mara nyingi kinachosumbua zaidi wakati wa kula. Hajaambiwa kuwa uvimbe ni wa kawaida siku za mwanzo, kwamba sehemu iliyoshonwa haipigwi mswaki mpaka daktari aruhusu, wala kwamba sigara hupunguza uwezekano wa kipandikizi kushika vizuri. Hajaambiwa pia kwamba si kila mzizi ulio wazi unatibiwa kwa upasuaji. Wapo ambao daktari atawafundisha kupiga mswaki bila kukwangua fizi, kisha ataendelea kuwachunguza.

Kubwa zaidi, hakuelezwa kwa nini jino lile lilichaguliwa. Mwaka 1985 daktari P. D. Miller aligawa kusinyaa kwa ufizi katika makundi manne. Katika mawili ya kwanza, ambapo mfupa na ufizi wa katikati ya meno havijapotea, mzizi unaweza kutarajiwa kufunikwa wote. Katika kundi la tatu hufunikwa sehemu tu, na katika la nne hakuna matumaini hayo. Mgonjwa wa kundi la tatu anayetazama mafanikio ya kundi la kwanza anajengewa tumaini ambalo daktari wake hawezi kulitimiza. Siku nyuzi zikitolewa ataona ameharibiwa, kumbe alipata kilichowezekana.

Kabla ya kisu

Upasuaji wa kutibu ugonjwa wa fizi uliokula mfupa nao una upungufu wake mtandaoni. Video huanza ufizi ukiwa umeshafunuliwa na ugaga umeganda kwenye mizizi. Kazi iliyotangulia haionekani, nayo ndiyo inayoamua kama kisu kinahitajika.

Daktari huanza na kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, ambacho hukiingiza polepole kati ya jino na ufizi. Hupima sehemu sita kuzunguka kila jino na kuandika kila namba, pamoja na sehemu zilizotoa damu. Milimita 1 hadi 3 kwa kawaida ni salama. Zikizidi, kinachofuata ni kusafisha chini ya ufizi, kumfundisha mgonjwa kuondoa ukoga kila siku, kumsaidia aache sigara na kuhakikisha kisukari chake, kama anacho, kimedhibitiwa. Baada ya wiki kadhaa anapimwa upya. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi uliotolewa mwaka 2020 unaelekeza kufikiria upasuaji pale ambapo, baada ya hatua hizo zote, bado imebaki mifuko kati ya jino na ufizi yenye kina cha milimita 6 au zaidi.

Mwanafunzi asiyeoneshwa safari hiyo atajifunza kukata kabla ya kujifunza kuamua. Anahitaji kusikia kwa nini kisu kilipita hapa na si pale, mshipa mkubwa wa damu wa kaakaa unapita wapi, na daktari hufanya nini damu isipokoma. Anahitaji pia kuona matokeo baada ya miezi sita au mwaka, maana ufizi uliotoka kushonwa umevimba na hauoneshi utakapotulia.

Vipimo vipo

Kupima ubora wa video kama hizo, watafiti wengi hutumia DISCERN, kipimo cha maswali 16 kilichochapishwa Uingereza mwaka 1999 kwa ajili ya taarifa za matibabu wanazopewa wagonjwa. Kila swali hupewa alama 1 hadi 5. Je, faida za tiba zimeelezwa? Hatari zake? Mgonjwa asipotibiwa itakuwaje? Kuna njia nyingine? Miaka miwili kabla, jarida la JAMA la Marekani lilikuwa limependekeza mambo manne ya kukagua mtandaoni: aliyeandika, alikoitoa habari, tarehe yake, na nani ana maslahi.

Video yenye picha angavu inaweza kuanguka katika mengi ya hayo. YouTube yenyewe ilianza mwaka 2021 nchini Marekani kuweka alama kwenye chaneli za taasisi za afya zinazoaminika. Ni hatua njema, lakini alama hiyo inamtambulisha mwenye chaneli. Haithibitishi kwamba video fulani imeeleza yote.

Wahenga wa mjini walisema akili za kuambiwa changanya na zako. Mgonjwa aende na simu yake kwa daktari, amwoneshe alichokitazama na aulize: hali yangu inafanana na hii? Nisipofanya itakuwaje? Nitegemee nini, na baada ya muda gani? Daktari asione anapimwa. Ridhaa ya mgonjwa asiyejua anachokubali ni saini tu.

Kwa msemaji wa Kiswahili pengo ni pana zaidi, kwa sababu maelezo mengi mazuri yako kwa Kiingereza. Mgonjwa wa Tanga au Malindi asiyemudu lugha hiyo hubaki na damu na kisu, bila neno la kumtuliza wala la kumtahadharisha. Chuo Kikuu cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi vinafundisha madaktari wa meno. Walimu wapo na kliniki zipo. Wachague upasuaji mmoja, waurekodi kwa ridhaa ya mgonjwa, waanzie kwenye kipimo cha milimita na kumalizia miezi sita baadaye, na wataje waziwazi hatari na njia mbadala. Wamtengenezee mgonjwa toleo lake na mwanafunzi lake, yote kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kamera iko mfukoni mwa kila mwanafunzi. Kilichobaki ni wakuu wa vyuo kuifanya kazi hiyo iwe sehemu ya kufundisha.